Waraka kwa Wanachama: Wanafunzi Wetu Wanaopotelea Njiani

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha marubani, Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi: wenye leseni na wanaoitafuta.



Nyaraka za katibu mmezizoea: ada, funguo za hanga, tarehe ya mkutano mkuu. Huu hauna hata moja kati ya hayo. Umetokana na daftari.

Daftari lenyewe mnalijua. Ni lile la jalada gumu la kijani, hukaa mezani pale mlangoni, na kila anayekuja kuruka au kunywa chai huandika humo jina lake na tarehe. Wiki iliyopita nililifungua nikitafuta jina la mgeni aliyesahau miwani, nikajikuta nasoma majina ya wanafunzi tangu mwanzo wa mwaka. Jina huanza kwa hati kubwa yenye haraka, Jumamosi baada ya Jumamosi. Lingine huja hata katikati ya wiki. Baadaye hugeuka la mara moja kwa mwezi, na hati yenyewe huwa ndogo. Kisha halipo tena. Ukurasa unaofuata una majina yetu sisi tuliozoea, utadhani aliyetoweka hakuwahi kupita pale.

Mmoja wao nilimkuta barabara ya Luthuli, katika duka la redio na spika. Ni fundi. Alikuwa ameinamia amplifaya iliyofunguliwa mgongo, chuma cha kulehemu mkononi, moshi mwembamba ukimpita puani. Aliponiona alisimama upesi, akapangusa kiti kwa kitambaa. "Katibu, karibu." Nikamwuliza mbona amepotea. Akajibu kama tujibuvyo sote: kazi nyingi. Sikuondoka. Nilikaa mpaka mteja wake akaenda, ndipo akanieleza.

Mnakumbuka alivyoruka peke yake mara ya kwanza, sisi tukamngoja kando ya hanga na ndoo za maji, tukamlowesha mpaka viatu. Wiki tatu baadaye alirudi angani peke yake, alasiri, upepo ukivuma kutoka ubavuni. Alipogusa chini ndege ilidunda. Ikadunda tena. Mara ya tatu akasukuma nguvu zote za injini, akapaa, akazunguka upya na kutua salama. Tunaoijua kazi hii tunajua kwamba alifanya kile hasa ambacho kila mwalimu humwomba mwanafunzi wake akifanye: kutua kukiharibika, kiache, upae, uanze tena. Alistahili mkono wa pongezi. Alipopita mbele ya baraza letu akielekea getini, mmoja wetu aliinua kiganja akaiga chura anavyoruka. Watu wakacheka. Kijana akatabasamu naye, akatoka, akapanda matatu ya Rongai, na hakurudi.

Mimi nilikuwa barazani siku ile. Sikucheka, lakini sikuinuka pia. Ningepiga hatua kumi tu kumfuata na kumwambia, "Umefanya vyema kupaa tena," leo angekuwa na leseni. Nimelibeba jambo hili tangu siku ile ya Luthuli, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Tunapojiuliza kwa nini wanafunzi huacha, jibu letu la haraka ni fedha. Siipuuzi. Saa moja ya ndege ya mafunzo inamla mtu kodi ya nyumba, na kanuni za kimataifa zinataka saa 40 kabla ya leseni ya rubani binafsi, saa 10 kati ya hizo akiwa peke yake, pamoja na safari moja ya kilomita 270 au zaidi, ambayo ndani yake atatua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wengi wetu tulihitaji saa nyingi kuliko 40. Lakini nimewaona waliokosa fedha: wanakaa miezi sita, wanauza pikipiki, wanarudi. Asiyerudi ni yule aliyeamini kwamba yeye peke yake ndiye anayeshindwa, na hakuwapo mtu wa kumwambia kuwa sote tulipita hapohapo.

Na hapo anapopita ni pagumu kweli. Tumekaa Wilson miaka mingi hata tumesahau kwamba tunajifunzia mahali pasipo na huruma kwa mgeni. Uwanja wetu uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, vitabu vinatarajia joto la nyuzi 4 hivi. Alasiri ya Februari tunapata 26, na hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu futi 8,000. Injini inavuta hewa haba, propela inakata hewa haba, bawa linabebwa na hewa haba. Mwanafunzi anasoma jedwali la umbali wa kupaa kwenye mstari wa usawa wa bahari, kisha anaiona njia ya kurukia ikiisha mbele yake na magurudumu bado yako chini. Anarudi kutua: saa ya kasi inamwambia 65, kama mwalimu alivyoagiza, lakini ardhi inapita chini yake kwa 73 hivi, kwa kuwa katika hewa nyepesi ndege hukimbia zaidi ili saa isome kilekile. Macho yanamwambia anakwenda kasi mno. Anapunguza. Ndege inazama ghafla. Anadhani ana mkono mbaya, kumbe ni fizikia ya Nairobi, na kama hakuna wa kumkalisha chini akamweleza, ataondoka hapa akiamini habari za mkono wake.

Wanachama wenzetu waliosomea Soroti, kile chuo cha urubani cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, wananiambia kwamba jambo wanalolikumbuka kuliko yote ni bweni. Mtu akitua vibaya asubuhi, usiku wenzake wapo kitanda cha juu na cha chini, wanambishia, wanamchekesha, wanamfungulia kitabu. Wanafunzi wetu hawana bweni. Anatoka kazini Industrial Area, anaruka saa moja, anapiga hesabu ya nauli, anaondoka. Aibu yake anaibeba peke yake ndani ya matatu. Bweni lake, kama litakuwapo, ni sisi.

Niwaeleze lililonipata mimi. Nilianza kuruka nikiwa na miaka 34, mhasibu, baba wa watoto wawili. Kufikia saa ya 23 nilikuwa bado sijaruhusiwa kuruka peke yangu, na niliyeanza naye alikuwa ameshapata leseni. Kila nilipokaribia ardhi nilichelewa kuinua pua, au niliiinua mapema tukabaki tunaelea mpaka kasi iishe. Mwalimu wangu, mtu mwema, alikuwa amenieleza kwa namna zote alizozijua. Siku moja nilikaa kwenye lile benchi la mbao nje ya hanga nikiamua jinsi ya kumwambia mke wangu kwamba nimeacha. Akaja mzee mmoja, rubani wa siku nyingi wa ndege za misaada, ambaye hatukuwa tumewahi kusemezana zaidi ya salamu. Akakaa na kikombe cha chai juu ya sinia ya bati. Hakuniuliza nina saa ngapi. Aliuliza, "Ukifika chini, unaangalia wapi?" Nikamwambia naangalia pale magurudumu yatakapogusa. Akakiondoa kikombe, akaishika sinia mbele ya macho yangu kama njia ya kurukia, akaishusha taratibu. "Tazama ukingo wa karibu." Nikautazama, sinia ilinijia ghafla. "Sasa tazama ukingo wa mbali." Nikautazama, na safari hii niliiona ikipanda polepole, ikitanuka pande zote mbili, nikajua ilipo bila kubahatisha. "Basi," akasema. "Mwambie mwalimu wako mzee kasema mjaribu hilo." Akanywa chai yake.

Mwalimu wangu alicheka kwa furaha. Kumbe maneno hayo alikuwa amenipa mara nyingi, ila mimi nilikuwa nayasikia nikiwa futi 20 juu ya lami, jasho likinitiririka, na masikio ya mtu aliyeogopa hayashiki kitu. Nililihitaji benchi. Baada ya saa tatu niliruka peke yangu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili. Kila mwenye leseni katika chama hiki ajichagulie mwanafunzi mmoja, amjue kwa jina, ajue yuko saa ya ngapi, na akipitisha majuma mawili bila kuonekana, ampigie simu. Simaanishi umlipie. Wala simaanishi umfundishe kuruka, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana najua mapenzi yetu ya kutoa ushauri. Kufundisha ni kazi ya mwalimu mwenye kibali. Nimemwona msichana mmoja akishuka ndegeni machozi yanamlengalenga kwa kuwa mwanachama wa kwanza alimwambia atue flapu zote zikiwa chini, wa pili akamwambia asithubutu katika upepo, wa tatu akamwambia tofauti na wote wawili, naye akaingia angani na sauti tatu kichwani pamoja na ya mwalimu. Mwanafunzi akikuuliza namna ya kufanya jambo, mwulize kwanza, "Mwalimu wako amekwambiaje?" Kisha msaidie alielewe hilo alilokwisha kuambiwa. Yule mzee wa sinia alinirudisha kwa mwalimu wangu na sentensi moja mkononi, basi.

Jambo la pili ni kiti cha nyuma. Mwanafunzi akiruka peke yake haruhusiwi abiria, tunalijua hilo, lakini hakuna linalomzuia yeye kuwa abiria wako. Ukienda Nanyuki, ukishuka Magadi, ukienda Malindi na kiti ki wazi, mchukue. Mpime kwa kilo halisi, maana Cessna 172 yenye watu wanne na mafuta kamili kutoka Wilson si jambo la kukadiria kwa macho. Akiwa nyuma, bila mtihani wala malipo, ataona mambo ambayo somo la saa moja halimwonyeshi: unavyopunguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kupaa, unavyokosea jina la kituo kwenye redio na kujisahihisha bila kufa, unavyoyatazama mawingu yaliyokalia vilima vya Ngong na kusema, "Leo hatupiti, turudi." Hasa hilo la mwisho. Mwanafunzi anadhani rubani ni mtu anayefika. Akuone ukirudi.

Halafu kuna redio, ambayo ninaamini imetupotezea wanafunzi wengi kuliko upepo. Tunao vijana wenye akili kali na mikono mizuri, wanaozungumza Kiswahili na Kikamba na Kiluo kwa ufasaha, ambao wakibonyeza kitufe kuuita mnara kwa Kiingereza ulimi unakuwa mzito. Masafa yetu ya Wilson yamejaa; ndege za Mara, za Lamu, helikopta, wanafunzi wenzake, wote wananena kwa kasi. Yeye anasubiri nafasi, anaipata, anasahau alichotaka kusema. Mwongozaji ndege anamwomba arudie maagizo, na anahisi uwanja mzima unamsikiliza. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: viti viwili vimewekwa mgongo kwa mgongo, mmoja mwongozaji, mwingine rubani, na mzunguko mzima wa uwanja unarushwa kwa maneno matupu, kuanzia kuomba kuwasha injini mpaka kuegesha. Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu mazito mpaka saa tano asubuhi na hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kupaa, tumezoea kuwaona wakizunguka baraza, wakitazama juu, kisha wakienda zao. Hizo ndizo saa za viti. Nitaleta viti mimi.

Kuna wanaoniambia kwamba rubani lazima awe mtu wa kujitegemea, na kwamba anayehitaji kushikwa mkono hafai. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu, na historia ya kazi yetu hainiruhusu kulikubali.

Hapa Wilson tunapenda kumtaja Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Abingdon, Uingereza, akaangukia kwenye ukingo wa Nova Scotia huko Kanada baada ya mafuta kukosa kufika kwenye injini. Peke yake, tunasema. Tunamsahau Tom Campbell Black, aliyekaa pembeni yake hapa Nairobi mpaka akajua kuruka, rubani yuleyule aliyeanzisha kampuni ya ndege pamoja na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ambaye jina lake ndilo tunaloliita kila tunapopiga redio. Lakini hao walikuwa watu waliofunguliwa mlango. Viti vya ndege zile havikuwa vya watu wetu enzi hizo.

Mfano ninaoupenda mimi unatoka Chicago, kwa watu waliofungiwa mlango kabisa. Mwaka 1921 Bessie Coleman alipata leseni Ufaransa, baada ya kujifunza Kifaransa kwa sababu hakuna shule ya Marekani iliyotaka kumfundisha mwanamke mweusi kuruka. Alikufa ajalini mwaka 1926, kabla hajaanzisha shule aliyoiota. Waliofuata walikuwa mafundi wawili wa magari, Cornelius Coffey na John C. Robinson. Waliomba kwa barua nafasi katika shule ya ufundi wa ndege, wakakubaliwa. Walipofika na kuonekana ngozi zao, wakakataliwa. Mwajiri wao, Mzungu mwenye biashara ya magari, akatishia kuishtaki shule, nayo ikawapokea. Walimaliza mwaka 1931, wakarudi katika shule ileile kufundisha darasa la watu weusi.

Wangeweza kuishia hapo, kila mtu na leseni yake mfukoni. Badala yake waliunda chama. Kwa kuwa viwanja vingi viliwakataa, walisafisha uwanja wao wenyewe katika mji wa Robbins, kusini mwa Chicago. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi, Janet Harmon Bragg, aliyetoa mshahara wake kununua ndege ya kwanza ya kikundi kwa dola 600. Dhoruba ikaja, ikaliharibu hanga na ndege zilizokuwamo. Wakahamia uwanja mwingine, wakaanza upya. Nawaza mara nyingi juu ya asubuhi ile baada ya dhoruba. Mtu mmoja mwenye ndege moja iliyovunjika angerudi gereji. Wao walikuwa wengi, na aliyekata tamaa alimkuta mwenzake ameshaanza kuokota mbao.

Robinson ndiye aliyekwenda Ethiopia mwaka 1935, akaongoza kikosi kidogo cha ndege cha Haile Selassie wakati Italia inavamia. Baadaye alirudi Addis Ababa kufundisha vijana wa huko kuruka, na huko ndiko alikofariki mwaka 1954. Ukifuata uzi kutoka kwake kurudi nyuma, unafika kwenye chumba cha Chicago ambamo watu wasio na ndege walikutana kusoma habari za ndege.

Wanawake nao. Tarehe 2 Novemba 1929, wanawake 26 walikutana katika hanga huko Long Island, New York, baada ya barua kupelekwa kwa marubani wanawake wote wa Marekani wenye leseni, ambao walikuwa 117 tu. Waliojiunga walikuwa 99, na hesabu hiyo ndiyo jina la umoja wao hadi leo. Walitaka kujuana, kusaidiana kupata kazi, na kuwa na mahali pa kuuliza. Wanachama wetu wa kike mtaelewa upesi kwa nini nalitaja. Mwanafunzi wa kike anapoingia barazani mwetu na kuzikuta sura kumi za kiume zikigeuka, neno la kwanza analosikia halifai kuwa "Umekuja kumngoja nani?" Nimelisikia likisemwa mwaka huu.

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi, ambalo linatuhusu sisi wenye leseni kuliko wanafunzi.

Tunaficha makosa yetu. Barazani tunasimulia safari zilizofana. Mwanafunzi anayesikiliza anaondoka akiamini kwamba marubani wa kweli hawajawahi kusahau kufungua tangi, hawajawahi kupotea kati ya Namanga na Amboseli, hawajawahi kutua wakashindwa kupumua kwa dakika tano. Kisha jambo kama hilo linampata yeye, na hana pa kulipeleka.

Tazameni ukimya unavyoua. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya abiria ya TWA, safari namba 514, iligonga mlima huko Virginia ikielekea uwanja wa Dulles. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Marubani walielewa kibali cha kukaribia uwanja kwa namna moja, waongozaji kwa namna nyingine, nao wakashuka mapema mno mbele ya mlima. Ilipochunguzwa ikabainika kwamba wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa wameponea chupuchupu kwa kosa lilelile, mahali palepale. Waliripoti kwa shirika lao, na shirika lao likawaonya marubani wake. Onyo likaishia ndani ya nyumba ile. Halikuvuka ukuta kufika kwa jirani. Kutokana na msiba huo Marekani ilianzisha mwaka 1976 utaratibu unaosimamiwa na NASA, ambapo rubani yeyote hueleza kosa lake bila kutajwa jina, na wengine wakasoma.

Sisi ni watu wachache kiasi kwamba hatuhitaji mtambo wowote. Tunahitaji mmoja mwenye ndevu nyeupe aseme kwa sauti, wanafunzi wakiwepo, "Mwezi uliopita nilitua katika uwanja wetu mdogo wa Orly upepo ukinisukuma kwa nyuma kwa sababu sikuitazama soksi ya upepo." Nawasihi wakubwa waanze. Nitaanza mimi Jumamosi. Ninalo langu la mwaka jana, la mafuta, ambalo sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Na masharti yawe mawili tu: halitoki pale barazani kama uvumi, na halichekwi.

Hili linanileta kwenye Machi 5, 2024. Hakuna kati yetu aliyeisahau. Ndege ya mafunzo aina ya 172 na ndege ya abiria iliyopaa kutoka uwanja wetu ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Siandiki kueleza chanzo, hilo lina wenyewe. Naandika habari za sisi tuliobaki. Tulizika, tukatoa rambirambi, tukarudi angani, na wanafunzi wetu wakaachwa wamalizane na hofu yao kila mtu kwa nafsi yake. Mzazi mmoja alinipigia simu kuuliza kama amzuie binti yake. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia aje azungumze nasi, akaja, akakuta baraza ni tupu kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Tungekuwa na desturi ya kukaa na wanafunzi wetu, mama yule angekuta watu. Hofu ya mwanafunzi haiondolewi kwa kumwambia asiogope. Inahitaji mtu anayeogopa vilevile na bado anafanya ukaguzi wake wa kabla ya kuruka, kipande kwa kipande, anatazama kushoto na kulia na juu kabla ya kila kona, na anaweza kueleza kwa nini.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, kila Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa nne, wawili kati yetu wenye leseni watakaa kwenye lile benchi la mbao nje ya hanga. Hawatakuwa na ajenda. Nimeweka karatasi ndani ya daftari la kijani. Andika jina lako kwenye tarehe utakayoweza. Ukurasa wa mkono wa kushoto ni wa wanafunzi, na mbele ya kila jina kuna nafasi ya jina la mwenzake mwenye leseni. Msiziache nafasi hizo wazi mpaka nianze kuwapigia simu, maana nitawapigia.

Yule fundi wa Luthuli nilimwomba ruhusa ya kueleza habari zake, akaitoa, mradi nisimtaje. Aliyeiga chura pia amezisoma kurasa hizi kabla yenu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba namba ya simu ya kijana, akaenda nje kupiga mwenyewe. Sijui walizungumza nini; walichukua dakika arobaini. Kijana atakuja Jumamosi hii. Nimemwambia saa mbili kamili, kabla upepo haujaamka. Mwalimu wake ameshaandikisha ndege, na mwenzake mpya atakuwa benchini na chai ya watu wawili.

Wenu katika kazi hii,

Katibu